Gesi ya Mayai Viza na Kikombe cha Chai

Jumapili, saa nane mchana. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua bado haijaamua. Nyumba iko kimya. Redio nimeizima mwenyewe, kisha nikaanza kulalamika kwamba nyumba iko kimya. Ndivyo nilivyo siku hizi, sipendezwi na lolote.

Leo nimeunguza maharage. Si habari ya kuandika hadharani, najua, na mwanamke wa umri wangu kuunguza maharage si ajabu. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye sigiri na sikusikia harufu yoyote. Jirani ndiye aliyenigongea ukuta. Nilipofunua sufuria, maharage yalikuwa makaa.

Nikainama nikanusa. Hamna. Nikanusa sabuni, hamna. Nikakata kitunguu nikakisogeza puani, kikaja kwa mbali.

Mtu mwingine angefikiria uzee, au mafua. Mimi nilimfikiria Mzee Erisa.

Huenda ningemfikiria hata kama maharage yangeiva vizuri. Tangu Alhamisi nina ujumbe kwenye simu ambao sijaujibu. Umeandikwa na binti ambaye sijawahi kumwona. Anasema: "Shikamoo Hajati. Mimi ni binti wa Nakato, uliyefanya naye kazi maabara zamani. Nilifanya kazi Nairobi, kwa hiyo Kiswahili nasoma, na maandishi yako ya humu mtandaoni nimekuwa nikimsomea mama. Amelazwa Mulago. Anataka kukuona. Yaliyopita si ndwele."

Kwanza, mimi ni Hajati wa jina tu, Maka sijafika. Pili, mtoto yule ana adabu nzuri lakini hajui asemalo. Ndwele hiyo ninayo, na nimeilea vizuri kuliko nilivyojilea mwenyewe.

Ninyi mnaonisoma hapa ni wachache, nakaribia kuwajua mmoja mmoja. Nimewahi kuwasimulia habari za shule, za Mwalimu Shah, za vyombo vya kioo nilivyovunja na kuvificha. Habari ya shimo sijawahi. Leo naiandika, maana nikingoja niwe tayari nitazikwa sijawa tayari.

Ilikuwa miaka ile ya wanajeshi. Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka Wandegeya, hapa Kampala. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kupima dawa, kuandaa meza kabla ya wanafunzi kuingia. Cheti sikuwa nacho. Yote niliyoyajua nilifundishwa na Mwalimu Shah wa kemia, mtu mwembamba wa ndara, aliyekuwa akizungumza na chupa zake kama mfugaji anavyozungumza na ng'ombe.

Katika gesi zote tulizotengeneza pale, moja ndiyo aliyonikaririsha kama mtoto wa chuoni anavyokaririshwa sura. Kitabuni inaitwa hidrojeni salfaidi. Sisi tuliiita gesi ya mayai viza. Unachukua vipande vyeusi vya salfaidi ya chuma, unavimwagia asidi, inatoka. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi, inashuka, inatafuta mashimo na kulala humo. Inawaka: aliiwasha mbele yangu kwenye ncha ya mrija, moto wa buluu mzuri wa kutazama, na akaniambia kwamba ikichanganyika na hewa mahali palipofungwa, cheche moja inatosha kung'oa paa. Na ni sumu. Bangili yangu ya fedha, ya urithi, ilikuwa ikigeuka nyeusi kila wiki tulipoifanyia kazi. Mwalimu alisema ndicho chombo bora kuliko vyote mle maabara.

Kisha akanifundisha juu ya pua. Gesi hii ikiwa kidogo, harufu yake inakufukuza mwenyewe. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza. Unasikia uvundo wa mayai, halafu ghafla husikii kitu, unashukuru Mungu ukidhani imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imekuzunguka. Pumzi mbili tatu za namna hiyo, na mtu ameanguka. Anayemfuata kumwokoa naye anaanguka juu yake.

Mwalimu Shah alikuwa na Kiswahili cha dukani. Alinyoosha kidole, akaniita kwa jina langu, akaniambia: "Hawa, pua naacha kazi, miguu naanza kazi."

Nilicheka siku ile.

Nyuma ya maabara palikuwa na shimo. Maji yote ya sinki yalipita humo kabla ya kuingia mfereji mkubwa, na ndani tuliweka mawe ya chokaa ili yaue asidi. Kina chake mtu na nusu, vishikizo vya chuma ukutani vya kushukia, mfuniko wa zege juu. Mwalimu alikuwa na sheria zake: kila muhula mawe mapya, na kabla mtu hajashuka, shimo liachwe wazi kutwa, limwagiwe maji mengi, na mshukaji afungwe kamba kiunoni na watu wawili wabaki juu. Halafu Wahindi wakapewa siku tisini za kuondoka nchini. Mwalimu Shah aliondoka na sanduku moja. Alinikabidhi funguo na daftari lake, akaniambia nisisahau chokaa.

Sikusahau. Chokaa ndiyo iliyopotea. Ilipotea pamoja na sabuni, chumvi, mafuta ya taa na sukari, kila kitu kikawa cha magendo, na nani angehangaika kutafuta magendo ya mawe?

Hapa inabidi niseme mimi ni nani, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Mimi ni Mnubi. Babu yangu aliletwa na Waingereza kutoka Sudani akiwa askari, baba naye akawa askari wao, na nyumbani kwetu tulisema Kinubi na Kiswahili. Baba alipotutuma kuoga ungedhani tuko gwaride. Lakini pale shuleni hakuna aliyejua. Jina la Hawa hata Waganda Waislamu wanalo, Luganda yangu ilikuwa safi, nikawaacha wadhani walivyodhani. Miaka ile Kiswahili hapa mjini kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani. Kilikuwa lugha ya "fungua buti" na "kitambulisho iko wapi." Mtu akikisikia nyuma yake, mabega yalipanda yenyewe. Nilikuwa na binamu dereva kambini, mtu mpole aliyeogopa hata bata, lakini ningemweleza nani? Nikanyamaza. Kazini nilikuwa Hawa wa chupa, basi.

Jina hilo alinipa Nakato. Alikuwa msaidizi upande wa baiolojia, chumba cha pili, umri mmoja na mimi. Ndiye rafiki pekee niliyepata kuwa naye ambaye hakuwa ndugu yangu. Hatukuwa na salamu za heshima. Akiingia asubuhi aliuliza kama nimeshalipua kitu. Mimi nilimuuliza kama vyura wake wamelala salama. Baba yake, Mzee Erisa, ndiye aliyekuwa fundi wa shule: mabomba, makufuli, madawati, kila kilichovunjika kiliishia mikononi mwake. Alikuwa na kofia moja ya kahawia ambayo Nakato alisema amezaliwa nayo pacha.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

Shimo lilikuwa limeziba. Sinki zilikuwa zikinywa maji kwa taabu, na mkuu wa shule alikuwa amesema litafunguliwa Jumatatu. Wiki iliyokuwa ikija tulitarajia wakaguzi, nami nilikuwa nikisafisha kabati. Nilikuta chupa za asidi za zamani, vizibo vimepasuka, zinavuja. Nilipaswa kuimwaga asidi ile juu ya chokaa, kidogo kidogo. Chokaa haikuwepo. Nikaimimina kwenye ndoo, nikaimwaga yote sinkini.

Nilijua. Nataka hilo lieleweke. Nilijua kwamba chini ya shimo lile kuna tope jeusi la miaka, masalio ya salfaidi tuliyokuwa tukiosha baada ya kila somo. Nilijua asidi ikikutana na tope lile itazaa nini, maana ndiyo njia ile ile tuliyotengenezea gesi mezani. Lakini nilijiambia kwamba mfuniko upo, Jumatatu ni mbali, siku tatu zinatosha gesi kutoka polepole. Sikumwambia mtu.

Saa nne Nakato akaingia, akaufunga mlango kwa kisigino maana mikono yote miwili ilikuwa na vikombe vya chai. Akatoa kikaratasi kilichosokotwa kutoka kifuani. Sukari. Baba yake alikuwa ameipata kwa mtu, akampa binti yake konzi moja. Zaidi ya mwezi tulikuwa tukinywa chai kavu, nyingine tunaitafunia ndizi ili ishuke. Akatia vijiko viwili kwangu na viwili kwake, tukakaa kwenye viti virefu vya wanafunzi, tukacheka kama wezi. Nakumbuka funda la kwanza. Utamu ulinipiga hadi kwenye taya.

Nakato alikuwa amelipa dirisha mgongo. Mimi nilikuwa nalitazama.

Mzee Erisa akapita nje na koleo begani na mtaimbo mkononi. Baadaye niliambiwa alikuwa na maziko kijijini Jumamosi, akaona bora amalize kazi mapema. Aliniona, akanyanyua mtaimbo kidogo kunisalimia. Upande ule hakukuwa na kitu kingine cha mtaimbo na koleo ila shimo.

Nikasema moyoni: nikimaliza kikombe nitatoka nimwambie.

Kikombe kilikuwa na nusu.

Mfuniko ni mzito, nikawaza. Atahangaika nao, atapumzika, atafuta jasho. Nikanywa taratibu, maana sukari hukaa chini na sikutaka kuipoteza. Nikakoroga. Nikamaliza, nikaramba kijiko. Nakato alikuwa akinisimulia jambo fulani, na mpaka leo silikumbuka hata neno moja. Kisha tukasikia mtaimbo ukianguka juu ya zege. Mlio mmoja. Baada ya hapo hakuna sauti ya mtu akilaani, wala akicheka, wala akiita.

Tulipopinda kona, uvundo wa mayai ulitupiga usoni. Hatua mbili mbele, hakuna harufu tena. Pua yangu ilikuwa imeacha kazi. Nilitupa jicho shimoni nikamwona Mzee Erisa amelala ubavu kwenye tope, kofia yake imenasa kwenye kishikizo cha kwanza. Nikarudi nyuma. Nakato akaita "Taata!" na kukimbilia vishikizo.

Watu wakaja mbio. Mpishi, mtunza bustani, na mwalimu wa jiografia ambaye sigara ilikuwa inawaka mdomoni. Wawili wa mwanzo walikuwa tayari wameinama kumfuata Nakato. Niliwaambia kwa Luganda wasishuke, kuna gesi ya sumu, watakufa wote. Niliwaambia mara mbili. Hakuna aliyegeuka. Nani amsikilize Hawa wa chupa, na mzee wa watu yuko chini?

Hapo ikatoka sauti ambayo sikuwahi kujua ninayo. Ilikuwa ya baba, na kwa Kiswahili cha askari.

"Simama! Hapana sogea! Wote nyuma! Wewe, zima sigara!"

Wakasimama. Hivyo tu, wote, kama taa inavyozimwa. Mwalimu wa jiografia aliitema sigara, akaikanyaga, akanyanyua mikono miwili juu. Mpishi alikaa chini kwenye majani akaangalia miguu yake. Nakato alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye kishikizo. Aligeuka akanitazama, na macho yale sikuyajua. Akautoa mguu. Akarudi nyuma kwa magoti, mbali na baba yake, kwa sababu mimi nilimwamuru.

Nilikimbilia darasani nikachukua ule mti mrefu wenye ndoano wa kufungulia madirisha ya juu. Nikazunguka upande upepo unakotoka, nikavuta pumzi nikaibana, nikamnasa Mzee kwenye mkanda wa suruali. Nikawaamuru mpishi na mtunza bustani wavute nami, bado kwa Kiswahili, maana nilishaona kinafanya kazi. Walivuta bila kunitazama. Tulimtoa. Tulimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi, akapakiwa kwenye pikapu kupelekwa Mulago, lakini alikuwa amekwisha kwenda.

Kama wangeshuka, tungezika wanne. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na yeyote aliyefanya kazi na gesi ile atawaambia hivyo hivyo. Kwa amri ile sijutii.

Nilingoja watu waje kuniuliza. Usiku ule sikulala, nilipanga maneno: kwamba ilikuwa gesi, kwamba Kiswahili ni cha baba, kwamba mimi si mtu wa serikali. Nilijua pia kwamba wataniuliza gesi imetoka wapi, na kwamba nitalazimika kusema habari ya ndoo.

Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu mkuu wa shule aliniita "Madam" na kuninyanyukia kiti. Aliandika kwenye ripoti kwamba ni ajali ya shimo, akanionyesha kwanza, akaniuliza kama naridhika. Nikasema naridhika. Kwenye chakula cha mchana meza niliyokaa ilitulia, na nyama iliyokuwemo ikaletwa kwangu. Mwalimu wa jiografia alianza kunisalimia kwa kuinamisha kichwa. Watu walishajijibu wenyewe: mwanamke aliyejificha kati yetu miaka yote, kumbe anajua kuamuru namna ile, basi amewekwa na wenyewe. Ungewaeleza vipi? Mtu wa wale wapelelezi wenye miwani myeusi naye angesema kwamba si wa wale wenye miwani myeusi.

Kwenye matanga nilienda. Nilipoingia uani, vilio vilishuka. Nikatandikiwa mkeka mbele, mahali pa wageni wakubwa. Kisha Nakato akaja, akapiga magoti mbele yangu, akanisalimia akiwa ameinamisha macho, akaniita "nnyabo," kama aitwavyo bibi wa heshima. Waganda wanawake hupiga magoti kumsalimia mkubwa, si jambo la ajabu. Lakini Nakato hakuwahi kunipigia magoti. Nakato alikuwa ananiuliza kama nimelipua kitu.

Kama angenizaba kofi ningepona. Alinishukuru kwa kuja.

Sasa naandika lile ambalo hata kwenye madaftari ya siri sikuliandika. Hofu yao iliniumiza, lakini pia ilinifaa. Ilinifunika kama blanketi. Kwa kuwa walinidhania jambo ambalo sikulifanya, hakuna aliyeniuliza nililolifanya. Ningeweza kumvuta Nakato pembeni wakati wowote, tulikaa mwaka mzima kwenye jengo moja tumetenganishwa na ukuta. Nilimsikia akikohoa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi aliniamkia "nnyabo" nami nikaitikia. Upweke ule nilikuwa nauchagua kila siku, maana mlango wake wa kutokea ulikuwa ndoo na kikombe.

Kisha yeye akaacha kazi akarudi kwao. Kisha vita vikaja, serikali ikaanguka, na safari hii sisi Wanubi ndio tuliokimbia kweli, wenye makosa na wasio na makosa. Nilikaa Nairobi miaka mingi, Kiswahili changu kikanyooshwa na wanawake wa soko. Niliolewa, nikafiwa, mtoto hatukujaliwa. Nikarudi Kampala kwa sababu mzee lazima aishi mahali fulani. Watu wananipenda kiasi, wananijia kwenye sikukuu na sahani iliyofunikwa. Chai nanywa bila sukari. Wanadhani ni kisukari, na daktari ananisifu.

Miaka hii ya karibuni nilidhani jambo lile limekwisha. Sikuliota tena. Ningeweza kupita Wandegeya, nikanunua karanga, nikaendelea na safari yangu bila kuwaza lolote. Nilidhani ndiyo amani ya uzeeni wanayoisema. Leo, nimeinama juu ya sufuria la makaa nikinusa bila kusikia kitu, nilimsikia Mwalimu Shah na kidole chake. Harufu ikikatika, si kwamba gesi imekwisha.

Kwa hiyo nilipiga simu. Nilipiga nikiwa bado na kijiko cha maharage mkononi, kabla sijajishauri.

Binti alipokea, akafurahi kupita kiasi, akampa mama yake. Nakato ana sauti ya kizee sasa, yenye mikwaruzo. Tulisalimiana kwa Luganda, salamu zote, za nyumbani, za afya, za mvua, zile ndefu ambazo zamani hatukuwa na haja nazo. Aliniita Hawa. Sikulia, lakini nilikaa chini.

Nilimwambia kuna jambo. Akangoja. Nilifungua mdomo, na nimeishi miaka yote hii, nimezika mume, nimevuka mipaka na furushi kichwani, lakini jambo lenyewe halikutoka. Nilisikia wodi nyuma yake, mtu akiburuta kiti.

Kisha Nakato akasema kwa Kiswahili. Nakato, ambaye hakuwahi kusema Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Alisema polepole, akitafuta kila neno:

"Njoo. Hapana ogopa."

Simu ikakatika, au aliikata. Nimekaa nayo mkononi hadi ikawa ya moto.

Aliyahifadhi maneno yale. Miaka yote hiyo amekaa na sauti yangu ya siku ile, na leo amenirudishia, ameipunguza ukali. Nadhani anafikiri naogopa kwa sababu ya ile amri. Nadhani kwa amri amekwisha kunisamehe, huenda zamani sana, huenda tangu alipozaa mtoto wake mwenyewe akajua kwamba mtoto yule asingekuwepo. Hajui habari ya ndoo. Hajui kwamba nilikuwa natazama dirisha.

Nikikaa kimya atakufa akinipenda. Hilo nalo nimeliwaza, nisijifanye mwema. Nimelizungusha kichwani tangu saa sita. Mgonjwa umpelekee raha, wanasema, na nani atanilaumu nikimpelekea raha? Lakini atakuwa anampenda mtu mwingine, yule aliyeshika mti wenye ndoano, na mimi nitarudi hapa kukaa na redio iliyozimwa.

Mvua imeanza sasa hivi. Nimetoka mara moja dukani nikarudi nimelowa. Hapa kwetu huendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, unabeba sabuni au sukari. Nimenunua sukari, kilo moja. Iko mezani mbele yangu, na mfuko wake unatoa vumbi tamu ambalo siwezi kulinusa, lakini vidole vinanata.

Haya sitayatuma humu kabla sijamwona, asije akasomewa na binti yake. Kesho saa za kuwatazama wagonjwa zikifika nitakuwa mlangoni. Watanipa kiti, najua. Sitakaa. Nikikaa nitaanza na habari za mvua. Nitasema nikiwa nimesimama, kwa Luganda, taratibu, ili asikie kila neno: Nakato, asidi niliimwaga mimi. Na nilimwona baba yako akipita, lakini chai ilikuwa tamu.